Kichaka na Tawi Lake

Simu iliita Violeth akivaa viatu kwenye nyumba ya wageni, Katesh.

"Ng'ombe wote zizi moja kabla ya saa sita mchana," alisema Baltazar, bosi wake.

"Zizi lipi?"

"Chagua wewe. Ukikosea, tunazika mtu."

Simu ikakatika.

Ng'ombe walikuwa watoa habari wa siri wa idara yao ya kupambana na ujangili. Mazizi yalikuwa mawili: Kichaka, VPN ya zamani iliyoficha mawasiliano yao, na tawi lake, Kichaka Plus. Msimbo wa Kichaka, yaani maandishi yanayoiendesha programu hiyo, ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Yeyote aliruhusiwa kuunakili na kuanzisha tawi lake. Kichaka kilijikokota. Plus ilikimbia hata kwenye mtandao wa kuchechemea. Na Plus aliitengeneza Renatus.

Renatus alikuwa mchumba wake.

Huko Getanuwas, mfugaji Mzee Gidamis alikuwa ameona genge likifukia pembe za ndovu. Mchana huo angetuma ramani. Genge lilijua kuna mtu anawachoma, ila halikujua ni nani wala yuko wapi.

Violeth akafungua kompyuta yake ya ThinkPad, bastola pembeni, chai ikipoa. Akaweka misimbo miwili sambamba na kusoma tofauti zake mstari kwa mstari.

Akaiona.

Kila aliyewasha Plus, simu yake ilipeleka kwa siri mahali alipo kwenye kompyuta ya watu wasiojulikana. Chini ya mistari hiyo palikuwa na sahihi ya Renatus. Tarehe ilikuwa ile waliyomzika mama yake Renatus, Dongobesh.

Violeth akashusha pumzi. Basi si yeye! Kwao Mbulu, kukiwa na msiba hata jembe linalala. Mama azikwe, mwana ashike kompyuta? Renatus alisema amekwama Kigoma, barabara imekatika, na Violeth ndiye aliyetupa udongo kaburini kwa niaba yake. Bila shaka kuna mwizi aliyeiba flashi yenye ufunguo wake wa kusaini msimbo. Alimtetea moyoni kama wakili asiyelipwa, maskini.

Akampigia.

"Mpenzi, ule ufunguo wa kusaini Plus, haujawahi kuibiwa?"

Alikuwa akiomba jibu moja tu.

Renatus akacheka. "Nani aniibie? Nalala nao shingoni. Kila mstari wa Plus ni mkono wangu."

"Sawa," alisema Violeth. "Usisahau kula."

Akaweka simu chini, akalia mpaka kifua kikamuuma. Kisha akanawa uso, maana muda ulikuwa haumsubiri.

Akawaandikia ng'ombe wengine wote wahamie Kichaka, kisha akampigia Mzee Gidamis.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Futa Plus kabla hujaiwasha. Tumia Kichaka cha zamani."

"Hicho si kinatambaa!"

"Kitambae, baba. Mwenda pole hajikwai."

"Haya. Nafuta."

Kwenye simu yake ya pili akaingiza akaunti ya Gidamis, akawasha Plus ili genge lifuate chambo. Land Cruiser yake ikaondoka kwa kasi hadi Mogitu. Akaiacha simu ile ndani ya ghala tupu la mahindi. Polisi aliowaita wakajificha kwenye shamba la alizeti kando yake.

Prado nyeusi ikaja. Wakashuka watu na bunduki, wakaelekea mlangoni.

"Chini! Wote chini!"

Polisi wakapiga risasi moja hewani, na silaha zikadondoka. Kutoka kiti cha nyuma akatolewa mtu wa mwisho, kompyuta mkononi.

Renatus.

Redio ikakoroma. "Ng'ombe?"

"Wazima, bosi. Ramani je?"

"Imefika. Pembe zinafukuliwa."

Renatus akainua mikono. "Vio, waambie ufunguo wangu uliibiwa. Wewe wanakuamini."

Afande Evarist, mkuu wa polisi wale, alimgeukia Violeth. "Hii sahihi ni yake, dada?"

Violeth alimtazama mchumba wake. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

"Ni yake, afande. Nilimuuliza mwenyewe."

Akavaa miwani ya jua, akatembea taratibu kuelekea kwenye gari.

"Vio! Nakupenda!"

"Na mimi pia," alisema, bila kugeuka, akawasha gari.