Njia ya Hagg End

Saa kumi jioni, mwezi wa Novemba, katika mabonde ya kaskazini mwa Uingereza jua limeshafungasha virago. Hazel Coates aliacha gari lake nje ya kanisa la Keldersett, akakaza kamba za viatu, akawasha simu. Mstari mwekundu ukatokea kwenye ramani, ukipanda mlima. Maili tatu na nusu.

Alikuwa kiongozi wa kikundi cha matembezi cha Alhamisi, wastaafu kumi na wanne wenye magoti mabovu na maneno mengi, na kiongozi hapeleki watu njia ambayo hajaikanyaga mwenyewe. Amechelewa kuanza, ndiyo. Lakini njia iliishia Hagg End, nyumba kongwe ya shamba alikohamia binti yake Bryony, aliyejifungua wiki tatu tu zilizopita. Angefika, ampakate mjukuu wake, kisha mkwewe amrudishe kwa gari. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Njia hakuichora yeye. Alilikuta faili mtandaoni, limewekwa na mtu asiyemjua, nalo lilianzia Hagg End na kuteremka hadi kanisani. Hazel alitaka wazee wake wamalizie kwenye chai na keki ya Bryony. Basi akabonyeza kitufe cha kugeuza njia. Sekunde moja, mishale yote ikaelekea juu. Chini ya faili, aliyeliweka aliandika maneno mawili: Kuteremka tu. Hazel alicheka. Alidhani jamaa anaogopa kilima.

Laiti angeuliza.

Baada ya nusu maili alipita jiwe refu, bapa, limelazwa kando ya njia kama kitanda. Simu ikatetemeka. Umeacha njia.

Akatazama. Alikuwa juu ya mstari kabisa. "Acha upuuzi," akaiambia simu, akaendelea.

Ndipo aliposikia nyuma yake...

Ko. Ko. Ko.

Mbao. Lango limeachwa wazi, alijiambia, upepo unaligonga. Ila upepo haukuwepo. Na harufu ile ilitoka wapi? Sufu iliyolowa. Mafuta ya mshumaa.

Kwenye jiwe la pili alimkuta mzee Wilf Kearton juu ya pikipiki yake ya magurudumu manne, anahesabu kondoo. Wanajuana; mzee huyo hamsemeshi mtu bila kumchokoza.

"Bado hujachoka kuzurura, bibie? Unakwenda wapi giza hili?"

"Kwa Bryony. Napanda kumwona mtoto."

Wilf akazima injini. "Kwa njia hii? Nani kakutuma?"

"Simu," Hazel akatania.

Mzee hakucheka. "Basi simu yako haina adabu. Hii ni njia ya majeneza. Zamani kule juu hakukuwa na makaburi. Waliokufa walivikwa sanda za sufu, wakashushwa hapa kwa mwanga wa mishumaa hadi kanisani, miguu mbele, wasiione nyumba wanayoiacha. Haya mawe ndipo wabebaji walipowatua wapumzike. Sisi wa hapa hatuipandi. Ukiipanda, unamwongoza mtu kurudi kwao."

"Mtu gani, mzee wangu?"

Wilf akainamisha kichwa. Akanong'ona. "Wa mwisho kutoka Hagg End alikuwa mzazi. Annis. Alimwacha mtoto wa wiki tatu. Bibi yangu alisema... waliusikia mkono ukigonga jeneza njia nzima. Wakaambiana ni maiti inayumba. Hawakufungua."

Akawasha pikipiki, akaondoka. Hazel alibaki na jiwe.

Ko. Ko.

Karibu zaidi.

Mwenye akili angegeuka palepale. Lakini kugeuka maana yake ni kutazama nyuma, na Hazel aliogopa mno. Akapanda mbio. Jiwe la tatu. Simu: Umeacha njia. Jiwe la nne. Sasa haikuwa kugonga tu. Zilikuwa nyayo, nyepesi, kwenye matope. Akisimama, zinasimama. Baada yake kidogo.

Taa za Hagg End zikaonekana. Lango hili hapa. Hatua tano.

Bryony alikuwa mlangoni, mtoto begani. "Mama, ingia basi, baridi hii. Ned anamsubiri bibi yake."

Hazel akashika komeo la lango. Alimtaka mtoto yule hadi mikono ikamuuma. Mtoto akaanza kulia.

Na nyuma ya shingo yake mtu akavuta pumzi, ndefu, ya mtu aliyefika.

"Mama..." Sauti ya Bryony ilishuka. "Huyo uliyekuja naye ni nani? Mbona hana viatu?"

"Funga mlango, mwanangu."

"Mama?"

"Funga. Usifungue hata nikikuita mimi."

Mlango ukafungwa. Hazel akafumba macho, akageuka. Baridi ikampita usoni. "Twende, mwenzangu," akasema, machozi yanamtoka. "Mtoto yuko salama. Twende zetu chini."

Waliteremka wawili. Kila jiwe alisimama, akapumzika kama wabebaji walivyopumzika, na nyayo zikapumzika naye. Simu haikulalamika hata mara moja. Kwenye lango la kanisa hatua zikakoma. Akangoja. Kimya. Akalia kwa shukrani kama mtoto mdogo.

Akaingia garini, akafunga mlango, akatia ufunguo.

Sufu iliyolowa. Mafuta ya mshumaa.

Ko.

Ilikuwa Novemba hiyo. Sasa ni Agosti. Alhamisi kikundi kinaongozwa na mtu mwingine, na Hagg End Hazel hajakanyaga tena. Bryony siku hizi anasema ulikuwa ukungu tu, na amechoka kungoja. Jana alipiga simu wakati mama yake anakunywa chai mezani, peke yake.

"Ned ameanza kusimama, Mama. Hujampakata tangu hospitalini. Miezi tisa. Tumekukosea nini? Niambie tu."

"Hamjanikosea, mwanangu. Nampenda kuliko..."

Huko kwenye simu, mtoto akalia.

Ng'ambo ya meza, kiti kikasogea nyuma.

Hazel akakata simu.