Anwani ya Mjomba

Mama Fundi alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali kubwa. Kutwa alisimama mbele ya mashine ya kufulia. Jioni alirudi nyumbani hoi, mgongo ukimuuma. Aliishi na binti yake wa miaka ishirini na mbili. Mtaa mzima ulimwita binti huyo Fundi, maana simu ya mtu ikizima, mbio kwake. Lakini kazi aliyoipenda hasa ni kutunga programu za kompyuta. Meza yake ya kazi ilikuwa ile ile ya kupigia pasi, kwa hiyo siku ya pasi hapakukosa maneno.

Fundi alikuwa ametunga programu moja nzuri mno. Unaielekeza simu kwenye pakiti ya dawa, nayo inakusomea kwa sauti: ni dawa gani, vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku. Mama ndiye aliyeijaribu kwanza.

"Hee! Hii inasema taratibu," alicheka. "Daktari wetu anasema kama anakimbizwa na nyuki."

Siku moja Fundi aliona tangazo la shindano la kimataifa la watunga programu. Lilikuwa la vijana wasiozidi miaka ishirini na mitano. Washindi wangefundishwa na mabingwa kwa mwaka mzima. Fundi alilitaka shindano lile kwa kufa na kupona. Alifungua fomu, akajaza jina, akajaza umri. Alipofika kwenye nafasi ya nchi anayoishi, akakwama.

"Mama, nchi yetu haimo kwenye orodha."

"Haimo vipi? Tafuta vizuri."

"Nimetafuta. Majirani zetu wote wamo. Sisi tu ndio hatumo."

Mama Fundi alisonya. Katika ukoo wao, jambo likikwama, dawa yake ilikuwa moja: kaka yake aliyehamia nchi ya ng'ambo. Barua, vifurushi, kila kitu kilipitia kwake.

"Andika anwani ya mjomba wako," alisema.

"Huo si uongo, mama?"

"Uongo gani? Kwani mjomba si mtu wako? Andika, mwanangu. Usiache bahati ipite kwa sababu ya mstari mmoja."

Fundi alisita. Mama alimsimamia kichwani mpaka akaandika.

Baada ya miezi mitatu, programu ya Fundi iliingia katika kumi bora. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Kisha waandaaji wakaomba nakala ya pasipoti na uthibitisho wa makazi. Fundi alituma pasipoti aliyokuwa nayo, ya nchi yake. Uthibitisho wa makazi hakuwa nao.

Jibu lilikuja adhuhuri. Fundi alilisoma kwa sauti ndogo. Alikuwa ametoa taarifa za uongo. Ameondolewa. Amefungiwa miaka mitano.

"Miaka mitano si mingi," mama alisema.

"Nitakuwa na ishirini na saba, mama. Mwisho ni ishirini na tano."

Mama Fundi aliketi sakafuni. Ni yeye aliyemwambia andika. Ni yeye na mdomo wake.

Kesho yake alikwenda kwa jirani yao, Bi Mihuri. Huyu alikuwa mpiga chapa karibu na mahakama, na kwa miaka thelathini alikuwa ameandika nyaraka za kila aina. Alisoma masharti ya shindano yote, mstari kwa mstari, miwani ikiwa puani.

"Mlisoma haya kabla ya kujaza?" aliuliza.

"Nani anasoma yote hayo?"

"Basi ndiyo hapo. Sikiliza. Sheria ya hapa kwetu inasema shindano lolote lenye zawadi ni sawa na bahati nasibu. Mwandaaji akate kibali, aweke mwakilishi hapa, afanye na hili na lile. Watu wa nje wanaona ni usumbufu. Wanaifuta nchi yetu kwenye orodha, yamekwisha."

"Lakini mwanangu hakucheza bahati nasibu! Alitumia akili yake!"

"Najua. Kanuni ndiyo haijui. Lakini mngewaandikia waandaaji mkauliza. Mngeandikia bodi ya bahati nasibu ya hapa mkalalamika. Kudanganya anwani kumewapa sababu ya kumfukuza."

"Tufanye nini sasa?"

"Kwa Fundi? Kwa shindano hili, hakuna. Kwa wengine, tuandike."

Waliandika. Bi Mihuri alipiga chapa, Fundi akaeleza tofauti ya ujuzi na bahati, na watunga programu arobaini na watatu wakatia sahihi. Bodi ilikaa kimya. Waliandika tena. Walizungushwa ofisi hii na ile mpaka viatu vya Mama Fundi vikaisha soli. Baada ya mwaka na nusu, bodi ilibadili kanuni: shindano la ujuzi halihitaji tena kibali cha bahati nasibu. Msimu uliofuata, nchi yao ilikuwa kwenye orodha.

Vijana walijaa chumbani kwa Fundi kujaziwa fomu. Aliwasomesha masharti yote kwanza. "Andika unapoishi kweli," aliwaambia. "Pasipoeleweka, uliza."

Msichana mmoja aligeuka. "Na yako, dada? Umeshatuma?"

"Mimi siruhusiwi," Fundi alijibu, akavuta fomu nyingine.

Mama Fundi alikuwa mlangoni na ndoo ya nguo. Alingoja mpaka vijana wote wakaondoka.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilishakusamehe zamani, mama."

"Mbona basi hutungi tena?"

Fundi aliikunja kompyuta, akaiweka juu ya kabati. Akaitandika meza shuka la kupigia pasi.

"Lete nguo, mama," alisema. "Meza iko wazi."