Kiti Kando ya Plamedi

Haya hayakumpata jirani wa jirani. Yalimpata dada yangu Elodie, wa tumbo moja na mimi, hapa hapa Bunia, mchana kweupe, tena Jumapili baada ya misa. Ukitaka kubisha, njoo ubishane na mimi.

Elodie ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka jana alinunua kamera ya mtumba, ajifurahishe nayo. Lakini alipiga picha vibaya, masikini! Siku ya ndoa yangu alinikata kichwa. Mke wangu anaonekana anatabasamu kando ya suti tupu. Binti wa Elodie, Plamedi wa miaka minane, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akaniita mimi mjomba wake Tonton Bila Kichwa, na mimi nikaitika.

Aliyejitolea kumfundisha dada ni Brigitte, ambaye zamani alifanya kazi katika studio ya picha. Huyu hakuwa rafiki tu. Alikuwa marraine wa Plamedi, mama yake wa ubatizo. Mwenyewe alikuwa amefiwa na mtoto wake wa pekee, Séphora, aliyelingana na Plamedi kwa umri. Brigitte aliposhindwa hata kusimama, Elodie ndiye aliyeuosha mwili wa yule mtoto. Baada ya matanga, sahani ya Brigitte haikukosekana mezani kwa dada yangu.

Somo lilikuwa kila Jumapili saa nne, mwanga ukiingia sebuleni. Plamedi alisimama karibu na dirisha.

"Utafute macho yake kwanza," Brigitte alielekeza. "Macho ikionekana muzuri, picha yote iko muzuri. Na uache nafasi kushoto. Weye unamubanaka sana mutoto. Picha inaombaka pumuzi."

Kwenye nafasi hiyo aliweka kiti kidogo cha mbao alichokuja nacho kutoka kwake. Kilikuwa cha marehemu Séphora. Elodie alikitambua, akamhurumia, akakiacha pale.

Picha zikawa nzuri kweli. Nilizisifu mimi mwenyewe, kwa mdomo huu.

Katika picha ya tatu kulikuwa na kivuli juu ya kiti. Tukasema ni pazia.

Katika ya nne, kivuli kilikuwa na miguu.

Katika ya tano, Plamedi alikuwa amefifia kama nguo iliyofuliwa mno. Na nyumbani mtoto alianza kuchoka. Alisukuma chakula pembeni, akalala mchana kutwa. Nikamvuta dada jikoni.

"Yaya, dada yangu, acha hii mambo," nilinong'ona. "Mutoto anaisha."

"Unataka kusema marraine yake iko mulozi, muchawi?" Macho yalimwiva. "Ule alimubeba siku ya ubatizo!"

Nikaona aibu, nikaondoka. Sitajisamehe.

Jumapili ya sita nilikuwepo. Elodie alikuwa ameinamia kamera. Brigitte alisimama nyuma yake, mkono begani.

"Mama, minasikia baridi," Plamedi alisema.

Jua lilikuwa linamwakia usoni.

"Piga sasa," Brigitte alinong'ona. Kisha akasema kwa upole, "Séphora, ukae muzuri."

Kidole cha dada kilikuwa kimeshabonyeza.

Akageuka. "Umesema nani?"

Brigitte alikuwa analia na kucheka. "Unisamehe, Elodie. Weye utazaa tena. Miye nilikuwa na mumoja tu."

Tukatazama dirishani. Plamedi hakuwa amesimama tena. Alikuwa amekaa kwenye kiti. Hatukumwona akitembea. Mashavu yalikuwa yamejaa, uchovu wote umekwisha.

"Plamedi, kuya," dada alimwita.

Mtoto akanyoosha mikono. Aliinyoosha kwa Brigitte.

"Mama," akasema.

Nilimtoa Brigitte nje kwa nguvu, nikarusha kiti chake barabarani. Baadaye tulisikia amehamia Komanda. Mtoto tulimzuia asimfuate, yuko kwa dada yangu mpaka leo. Ni mzima, anakula vizuri. Padri alikuja kumwombea, naye akaitikia amina. Lakini anaandika kwa mkono wa kushoto, na Plamedi aliandika kwa kulia. Mtoto anamwita dada yangu "Mama Elodie", kama Séphora alivyokuwa akimwita. Na mimi nikiingia, ananisalimu kwa adabu, kama mgeni: "Bonjour, Monsieur."

Elodie hapigi picha tena. Anakaa anatazama viganja vyake. "Nilimuosha mutoto wake," anarudia. "Na hii mikono." Adui angemfanyia hivyo, angalau angejua pa kuelekeza hasira. Huyu alikula chakula chake huku anamhesabia mwanawe siku.

Picha ya sita iko kwangu, ndani ya fremu ya kioo, kwa sababu dada hawezi kuwa nayo nyumba moja. Kwenye kiti amekaa msichana anayeonekana wazi. Karibu na dirisha, Plamedi wetu ni ukungu. Kila Jumapili naitazama, na kila Jumapili amepungua. Gauni limefutika. Mikono imefutika. Yamebaki macho, nayo yanaonekana vizuri sana, kama dada yangu alivyofundishwa.

Leo asubuhi kioo kilikuwa na mvuke. Nikaupangusa kwa shati. Haukutoka.

Ulikuwa upande wa ndani.

Na katikati ya mvuke ule, kidole kidogo kilikuwa kimechora mtu mwenye suti, bila kichwa.