Jino Lililoota Kwenye Kanda

Mtoto kuota jino si habari; nani hakuota? Lakini mtoto aliyezikwa miaka miwili iliyopita, jino limwotee ndani ya kanda ya video, hapo hata aliyekwisha kuona mengi ya dunia huvuta kiti akakaa.

Aliyeliona ni Mama Kanda. Jina hilo alipewa kazini, kwenye kituo kimoja cha televisheni ambacho ungeiona antena yake ungedhani ni kikubwa, kumbe ni vyumba vitatu juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Mwenyewe, Bosi Antena, alikianzisha kwa deki mbili, kamera moja na maneno mengi. Studio ilikuwa chumba cha mbele, kuta zimefunikwa magodoro makuukuu ili sauti isirukeruke. Msomaji wa habari alivaa koti na tai juu, chini kaptura na ndala, maana kamera haikuteremka huko.

Kanda zilikuwa sitini, na sitini zikabaki. Harusi ilirekodiwa juu ya mpira, mpira juu ya hotuba. Kipindi kikisharushwa, kinafutwa. Na mfutaji ndiye huyo Mama Kanda. Alifuta mabwana harusi, alifuta wakubwa na vitambi vyao, alifuta mji mzima, isipokuwa mtu mmoja.

Huyo mmoja alikuwa bintiye, Kipengo. Ndiye aliyekuwa akifunga kipindi cha watoto. Alikaa kwenye kigoda chekundu akaichekea kamera, pengo la mbele wazi kama mlango, akasema, "Kesho tena! Na miguu mnawe!" Watu wazima wakamuiga mitaani. Kisha ikaja homa, siku tatu tu. Jioni aliyokufa, mama yake alikuwa kituoni anabadilisha kanda, kwa kuwa hakupatikana wa kumpokea zamu. Aliyemshika mkono mtoto ni shangazi yake.

Kanda ya kipindi cha mwisho Mama Kanda aliificha ndani ya jalada lililoandikwa "Uzinduzi wa choo cha soko", akijua hakuna mja atakayeiomba. Kila siku saa sita mchana hadi saa tisa kituo hakikuwa na kipindi. Kilirusha mistari ya rangi tu, na wenzake wakashuka kwenda kula. Hapo yeye alijifungia chumba cha deki, akaiweka kanda, akasimamisha picha pale mtoto anapocheka, akaongea naye. Alimweleza kila kitu: nani kagombana na nani, kuku gani kataga, gauni lake la bluu liko wapi. "Unanisikia, mwanangu?" Kila mchana, miaka miwili.

Siku ya jino alidhani ni macho yake. Alifuta kioo kwa upindo wa nguo, akatazama tena. Pengo halipo. Pale palipokuwa wazi pana jino jeupe, kubwa kidogo kuliko wenzake, na chumba kizima kinanuka dawa ya homa, ile tamu ya watoto inayonata kwenye kijiko.

Mwingine angepiga ukelele. Yeye alifurahi, na uchungu wa mwana haumwulizi mtu ruhusa.

"Umekua, mwanangu," akanong'ona.

Picha iliyosimamishwa ikatikisa kichwa taratibu: ndiyo.

Haikupita wiki, muuza vipuri akamdaka ngazini. "Mama, yule mtoto mnayemweka mchana katikati ya zile rangi, mbona hasemi kitu?"

"Mtoto gani?"

"Ah, si lile tangazo la dawa ya meno? Meno yale, lazima mnauza kitu!"

Mama Kanda alicheka kwa mdomo tu, akapanda ngazi haraka.

Kesho yake Msomaji wa habari alikuja bila tai, uso umemshuka. Binti yake, rika lilelile la Kipengo, ana homa. Kwa siku kadhaa amekuwa akikaa mchana mbele ya ile mistari ya rangi, akiitwa kula hageuki. Sasa yuko kitandani, macho amefumba, na anachosema ni kimoja tu: kesho tena, kesho tena.

Fundi mitambo alikuwa hapo, anasikia. Ilipofika saa sita alijifanya kushuka, kisha akarudi kwa ncha za vidole, akafungua mlango wa deki kwa ufunguo wake.

"Mama Kanda," alisema kwa sauti ndogo, "tangu lini umesimamisha picha hiyo?"

"Tangu tumemzika."

"Palepale?"

"Palepale anapocheka."

Fundi akatoa kanda, akauvuta utepe wake taratibu, akauinua dirishani. "Deki ukiisimamisha, kichwa chake cha kusomea utepe hakipumziki. Kinazunguka mahali pamoja, kinasugua. Miezi michache tu unabaki na chenga. Tazama."

Mahali pa uso wa mtoto pamekwanguka pakawa peupe. Mwanga wa mchana ulipita ukatokea upande wa pili.

"Hapa hapana mtu, Mama. Ulimmaliza zamani kwa kumtazama." Akaushusha utepe. "Sasa wewe unaongea na nani?"

Bosi Antena, ambaye siku zote alisema majini ni mambo ya washamba, ndiye aliyekwenda mbio kumleta Bibi Mganga. Bibi huyo alikuwa mwembamba, miwani imefungwa uzi, anaruka nyaya kana kwamba ni nyoka. Alinusa chumba, akakunja uso.

"Hapa hakuna aliyetumwa," alisema. "Hapa kuna aliyeitwa. Aliyekufa haitiki, mwanangu. Lakini wapitao njia ni wengi, na ukimwita 'mwanangu' kila mchana saa ya jua la utosi, yuko asiye na mama atakayeitika."

"Mtoe, basi!" alisihi Msomaji wa habari. "Mwanangu anaisha!"

"Aliyemkaribisha ndiye amfukuze. Mimi nitashika mlango tu. Ndani ya kanda kumebaki nini cha mtoto wa kweli?"

"Sauti," Fundi akajibu. "Sekunde chache baada ya uso."

"Basi ameshikilia hapo. Na hapo pafutwe."

Kamera ikaelekezwa kwenye kigoda chekundu kitupu, ndicho kirekodiwe juu ya ile sauti. Mama Kanda akaingia peke yake, akairudisha kanda, akaweka kidole kwenye kitufe cha kurekodia. Na kabla hajakibonyeza kioo kikawaka chenyewe, harufu ya dawa tamu ikamjaa kooni, na mtoto akawa amekaa pale na meno yake yote, akimtazama bila kupepesa, wakati huo nyuma ya magodoro ya studio kigoda kisichokaliwa na mtu kikaanza kulia kwik, kwik, kwik, kama kinavyolia mtoto anapochezesha miguu.

"Mama, usinifute. Nitakufa mara ya pili."

Kidole kikalegea. Kitu kile kiooni kilijua yote: kuku, gauni, majirani, maana yote alikisimulia mwenyewe. Lakini liko swali moja ambalo miaka miwili hakuthubutu kuliuliza.

"Jioni ile," alisema, "uliniita?"

Kikacheka, kwa upole wote wa dunia. "Hapana, mama. Sikukuita. Nililala tu."

Ndilo jibu alilokuwa akiliomba kila alipolaza kichwa. Na ndilo lililomwambia ukweli. Kwa sababu shangazi mtu alikuwapo, na shangazi, aliyeshindwa kumficha wifi yake, alisema mtoto alimwita mama yake mpaka sauti ikakatika.

"Wewe si mwanangu," alisema Mama Kanda. "Mwanangu aliniita."

Akabonyeza.

Kwa mara ya mwisho ikasikika sauti ile ya kweli, nyembamba, "Kesho te..." kisha kigoda kitupu kikajaa kioo. Kigoda tu, kimetulia.

Jioni hiyo binti wa Msomaji wa habari akaomba uji. Bibi Mganga akaondoka akiruka nyaya zake. Kanda ikarudi kwenye kazi, ikarekodiwa mpira, kisha harusi. Saa sita mchana mistari ya rangi ikabaki rangi tupu, na Mama Kanda akawa anashuka kula na wenzake, anacheka wakicheka.

Ila halali vizuri. Si kwamba anasikia kitu, la. Ni kwamba kila akifumba macho ili amwone Kipengo wake, anajitahidi, anaanzia kwenye kigoda, kwenye miguu, anapanda taratibu hadi usoni. Na anayemchekea pale, kila siku, hana pengo.