Stadi za Lori la Kijiji

Kila siku masomo yalipokwisha, wanafunzi wa darasa la sita walikwenda kwenye kazi za kujitegemea. Wengine walipalilia shamba la shule, wengine walibeba mawe. Jovita, binti wa Mzee Karugendo, alikwenda kwenye lori. Mikono yake, wajukuu zangu, ilinuka oili hata Jumapili kanisani.

"Fundi wa kike," mwanafunzi mwenzake Mutembei alimtania, "leo utakula ndizi au grisi?"

"Nitakula zako," Jovita alimjibu, akaenda zake.

Lori lilikuwa mali ya kijiji chao cha ujamaa, huko Muleba. Mabati ya kuezekea shule yalikuwa yakilingoja Bukoba mjini, na masika yalikaribia. Darasa la Jovita lilikuwa kuta tupu. Lakini kila lori lilipopanda kilima cha Kanazi na mzigo, maji yalichemka, gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzibia injini, ikaungua, na watu wakateremka kusukuma.

Ndipo kijiji kikamwita Fundi Ayubu kutoka Hamugembe. Huyo, nawaambieni, alikuwa fundi. Hakutaka kuziba tu. Aliipeleka mjini hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ikachongwa upande wa chini ili injini igandamize hewa zaidi na iwe na nguvu ya kupanda. Kisha akazikataa boliti za zamani, akaagiza vyuma vinavyoitwa stadi.

Siku stadi zilipofika, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lwakatare, alikuja akiwa amekunja uso.

"Ndugu fundi, boliti tunazo debe zima. Hizi za nini? Mvua haitungoji."

Ayubu alimgeukia Jovita. "Kitendawili."

"Tega."

"Nina wageni wawili. Mmoja kila akija anakwangua mlango wangu. Mwingine aliingia mara moja, akawa mwenyeji."

Jovita alifikiri kidogo. "Boliti na stadi."

"Mfafanulie mwenyekiti."

"Shikamoo, Mzee. Boliti tunaizungusha ndani ya injini kila tukifunga na kufungua, kwa hiyo meno ya tundu yanalika. Stadi ina meno huku na huku. Chini inakaa ndani, haitoki. Juu tunakaza nati tu."

"Kwa mizigo ya hapa hapa kijijini boliti zingetosha," Ayubu aliongeza. "Lakini injini hii tumeiongezea nguvu. Itataka kukinyanyua kifuniko chake."

Mwenyekiti alicheka. "Haya, walimu wangu. Lakini kesho asubuhi liondoke."

Ayubu alimpa Jovita kazi ya kusafisha matundu ya stadi kwa kitambaa na mafuta ya taa. Kitambaa kikachafuka upesi. Sasa, nani asiyejua kwamba kwetu kamba kavu ya mgomba hufanya kila kazi? Hufunga kuni, huchuja pombe, husugua sufuria. Jovita alichuna moja mgombani, akaisokota, akaendelea kusafisha. Matundu yaling'aa.

Ayubu alizitia stadi kwa vidole, moja moja. Wakateremsha hedi, wakaanza kukaza nati kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu. Nati ya mwisho ilikuwa nyuma kabisa, chini ya bomba, mahali ambapo mkono wa Ayubu haukupenya. Alimwachia Jovita.

Jovita alipopapasa, akashtuka. Stadi ile ilikuwa imesimama juu kuliko nyingine. Kitu kilikuwa chini yake. Akaitazama kamba ya mgomba iliyolala chini. Ncha yake ilikuwa imekatika.

Hakuna mwingine aliyeweza kuona pale. Wanaume walikwishaleta kamba za kufungia mabati, na Mutembei alikuwa amekaa ukutani akitazama. Wakifungua, lori halitaondoka asubuhi. Huenda Fundi asimruhusu tena kushika spana.

"Fundi," alisema polepole, "tufungue."

"Tufungue nini?"

"Hedi. Nilisafisha kwa kamba ya mgomba. Imekatikia ndani ya tundu la nyuma."

Ayubu aliangalia mawingu, akamwangalia Jovita. Akachukua spana akaanza kulegeza.

Kwa bahati walikuwa hawajakaza mara ya mwisho, na gasketi haikuharibika. Ayubu alichokoa tundu kwa waya, kikatoka kipande cha kamba, kidogo kama ukucha. Siku ya pili walirudia kazi yote, na Jovita alisafisha kila tundu kwa kitambaa kipya. Lori liliondoka baada ya chakula cha mchana, mwenyekiti akinung'unika.

Lakini liliporudi! Lilipanda kilima likiwa limejaa mabati, likinguruma kama ngoma, wala maji hayakuchemka. Ayubu alifunua boneti mbele ya wanafunzi wote. Ukingo wa hedi ulikuwa mkavu, bila tone la maji wala oili.

"Mwenyekiti, gusa," alisema.

Mzee Lwakatare aligusa, akatazama kidole chake kisafi, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mimi nilichagua stadi, na nilichagua vizuri," Ayubu aliwaambia watoto. "Lakini ile ya nyuma ingeng'oka palepale kilimani, na mimi nisingejua kwa nini. Jovita alikosea, akasema kabla ya lori kuondoka. Fundi wa namna hiyo nitamwachia injini yoyote. Nanyi mkikosea, semeni wakati bado pana nafasi ya kufungua."

Kisha akampa Jovita spana. "Hedi iliyofungwa upya hukazwa tena baada ya safari ya kwanza. Anza katikati."