Wimbo Aliotunga Ida

Kila Jumamosi, akishafua sare za shule na kujaza pipa la maji, Rahima alikwenda kwa mama yake mdogo, Faidha. Faidha alikuwa prodyuza wa muziki, na studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, hapo hapo kijijini Mkunya. Ukutani alikuwa ametundika magodoro ya zamani ili sauti zisirudi. Mezani palikuwa na kompyuta, kinanda kidogo na kipaza sauti kilichovalishwa soksi nyeusi.

"Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba. Vua viatu, uje usikilize hiki."

Spika zikatoa mdundo mwepesi: ta-ka-ta, ta-ka-ta. Rahima alijikuta anatikisa kichwa.

"Ni ngoma gani hii?"

"Ni cherehani ya fundi Salmini pale sokoni," Faidha alisema. "Nilikuwa nasubiri anipunguzie gauni, nikasikia anavyokanyaga. Nikamwomba nirekodi kwa simu."

Ndivyo alivyokuwa Faidha. Wimbo ungeweza kumjia akichambua mchicha, au akiwa kwenye foleni mashineni akisubiri unga wa muhogo. Mvua ya kwanza ikipiga bati, wenzake walikimbilia kuanua nguo, yeye akakimbilia simu. Rahima, aliyekuwa darasa la sita, alitamani sana kuwa kama yeye. Wiki tatu nzima alijaribu kutunga wimbo, na kila alichopata kilifanana na kitu alichokisikia redioni.

Jumatatu, Mwalimu Erasto aliliambia darasa kwamba shule ilitaka wimbo mpya wa kuwaaga darasa la saba, na kwamba Faidha amekubali kuurekodi.

"Nani ana wimbo wake mwenyewe?" aliuliza.

Rahima alinyoosha mkono hata kabla hajafikiri. Akasimama, akaimba:

"Mlango nitauacha wazi,
nyayo zako nazijua,
hata ukija na viatu vipya
nitakutambua."

Darasa zima likapiga makofi.

"Umetunga mwenyewe?" aliuliza mwalimu.

"Ndiyo, Mwalimu."

Kwenye dawati la nyuma, Ida aliinamisha kichwa. Wimbo ule ulikuwa wake. Alizoea kuuimba kwa sauti ndogo bombani, wakisubiri zamu ya kuchota maji, na Rahima peke yake ndiye aliyekuwa akikaa karibu naye kiasi cha kuusikia. Ida hakusema neno. Ila jioni ile Rahima alipompitia waende bombani kama kawaida, mama yake Ida, Mama Ethel, alimjibu kwamba mwenzake ameshatangulia. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa pia. Pongezi za wanafunzi, zilizokuwa tamu siku ya Jumatatu, sasa zilimfanya Rahima atazame pembeni.

Jumamosi Faidha aliupiga wimbo ule kwenye kinanda mara mbili.

"Mzuri sana, ila ni mfupi," alisema. "Nataka ubeti wa pili. Huyu anayesubiriwa ni nani?"

"Ni mtu tu."

"Mtu gani? Amekwenda wapi? Viatu vipya kavipata wapi?"

Faidha hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa kuwa alitaka kujua, na hilo ndilo lililomshinda Rahima. Machozi yakamlengalenga.

"Sijui, mamdogo. Wimbo si wangu. Ni wa Ida."

Faidha alizima spika. Akavuta daftari kutoka chini ya kinanda na kulifungua. Rahima akasoma: *Cherehani, fundi Salmini, amekubali. Kicheko, Mama Ambrosi, amekubali. Kinu na mchi, Bibi Ziada, amekataa.*

"Ya huyu aliyekataa uliifanyaje?"

"Nilifuta. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote humu, lakini nilifuta." Faidha alilifunga daftari. "Kusikia kitu cha mwenzako kikakugusa si kosa. Mimi bila watu hawa ningekaa humu ndani nikitazama magodoro. Kosa ni kuficha kilikotoka. Nenda kwa Ida leo hii. Mwalimu sitamwambia mimi, utamwambia wewe."

Rahima alimkuta Ida uani, ameketi kwenye mkeka akimenya muhogo.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Nimeuchukua wimbo wako, na nikasema uongo."

Ida aliendelea kumenya. "Nilitaka kusema pale pale darasani. Nikaona wewe ndiye mwenye mamdogo wa studio. Nani angeniamini mimi?"

Rahima aliketi kwenye ukingo wa mkeka. "Jumatatu nitasema mbele ya wote," alisema.

Ida alimaliza kumenya muhogo uliokuwa mkononi mwake, akachukua mwingine.

"Nilimtungia dada Ethel," Ida alisema hatimaye, "siku alipokwenda Masasi kusomea uuguzi. Alivaa viatu vipya vikambana, akawa anatembea kama bata."

Rahima alicheka, na Ida naye akashindwa kujizuia. Kumbe ubeti wa pili ulikuwepo siku zote, nao ulihusu bata huyo.

Jumatatu Rahima alisimama mbele ya darasa, akasema yote. Wengine walimcheka, na kwa siku kadhaa waliomtania walimwita Msanii wa Kuazima. Mwalimu Erasto alimwambia amekosa, na kwamba amefanya vyema kusema, kisha akamwita Ida aimbe.

Siku ya kurekodi, Ida alipokikaribia kipaza sauti, sauti ilimtoroka. Akaanza upya mara nne. Rahima alitoka nje, akarudi na madumu mawili matupu, akaanza kuyapiga kwa viganja taratibu, kama walivyozoea kujipumbaza kwenye foleni ya maji. Mabega ya Ida yakashuka. Akaimba.

"Msiache," Faidha alinong'ona, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Kwenye mahafali, Mwalimu Erasto alitangaza kwamba mtunzi na mwimbaji ni Ida, na mdundo wa madumu ni wa Rahima. Ethel alikuwa amekuja kutoka Masasi. Ubeti wa pili ulipofika alijifunika uso kwa khanga, akicheka na kulia kwa pamoja.

Rahima alimtazama Ida akiwa amezungukwa na watu. "Mamdogo," aliuliza, "na mimi wimbo wangu utakuja lini?"

"Siwezi kujua," Faidha alisema. "Ila nitakwambia jambo moja. Watu wakijua kwamba unasema kweli juu ya vya kwao, wataimba mbele yako bila kujificha. Ukiwaibia watanyamaza, kama Ida alivyokunyamazia. Na mahali ambapo kila mtu amenyamaza, hata prodyuza hodari hana cha kusikia."

Ida alikuwa anakuja mbio, amemshika Ethel mkono. Rahima alitabasamu, akawakimbilia.