Mwashi wa Ukuta wa Mtondoo

Katika zama zile ambapo kila mji wa mwambao ulikuwa na mfalme wake, siwa yake na ugomvi wake, alirejea Uchanda mwashi mmoja aliyeitwa Ngwali bin Vuai. Aliondoka angali kijana. Akarudi mzee, kilemba kimechakaa, mgongo umeinama kwa miaka ya kuinua mawe katika miji ya watu. Mali yake ilikuwa timazi, mwiko na patasi, pamoja na sifa iliyomtangulia: kwamba katika ujana wake ndiye aliyejenga ukuta wa mji wa Mtondoo, na kwamba pwani nzima haina ukuta mfano wake.

Sifa hiyo haikumletea mgeni hata mmoja barazani. Marafiki wa utotoni walikuwa makaburini, na watoto wao walimwona mtu wa ugenini. Watu wa Mtondoo nao, alipokaa kwao, walimwita Mchanda mpaka siku aliyoondoka. Alifikia kwa umbu lake, Bi Mwantumu, mjane aliyejaliwa mwana mmoja tu, Chande. Hapo alikula, akalala, akaamka, bila ya mtu kumuuliza habari za kazi yake. Naye alikuwa na mengi ya kusema. Angeweza kueleza jinsi matumbawe yanavyokatwa baharini yangali laini, yakaanikwa juani mpaka yakakaza; jinsi chokaa inavyolazwa shimoni msimu mzima ili ipoe hasira zake; na kwamba mwashi wa kweli huligonga kila jiwe kwa kifundo cha kidole na kulisikiliza, kabla ya kulipa mahali pake. Lakini nani wa kumsikiliza?

Wasikilizaji walipatikana vita vilipokaribia. Mwinyi Fakihi, mfalme wa Uchanda, alikuwa amegombana na Mtondoo juu ya njia ya pembe za ndovu. Akamwita Ngwali ukumbini. Mfalme alivaa joho jeusi la hariri, jambia kiunoni, na waziri wake alisimama kuumeni kwake.

"Siri ya mtungi, Ngwali, aijuaye kata," akasema mfalme. "Ukuta ule ni dhaifu wapi?"

"Mwinyi wangu, niliujenga usiwe na mahali hapo."

Waziri akacheka. "Basi haukujengwa na binadamu! Au labda chumvi ya Mtondoo ingali ulimini mwa mzee huyu."

"Chumvi yao niliila, na ya hapa nilizaliwa nayo," akajibu Ngwali. "Lakini sisi waashi tuna ada. Siku ya kukabidhiwa mwiko huapishwa kwamba mkono uliojenga haubomoi. Ukishampa mtu nyumba yake, siri yake umeizika."

"Ada ya waashi na ibaki kwa waashi," akasema mfalme. "Utafuatana na jeshi. Huenda macho yakakukumbusha."

Jioni ile Mwantumu alimpakulia wali, akakaa mbele yake asile.

"Kaka, nitazame. Pako mahali au hapako?"

Tangu utoto Ngwali hakuzoea kumdanganya umbu lake. "Pako," akasema. "Lakini hapasemeki."

"Kwa nini?"

"Mize yuko pale."

Mize alikuwa mkewe, binti wa Mtondoo, aliyefariki kwa homa kabla ya ukuta kuanzwa. Alizikwa kando ya mji. Kisha wazee wakaupanua mji, na mstari wa ukuta ukaangukia juu ya kaburi lake, ambalo Uchanda hakuna aliyejua lilipo. Kila mahali pengine Ngwali alichimba msingi mpaka akakuta mwamba. Pale hakuchimba. Alilaza mabamba ya mawe juu ya ardhi, akapandisha ukuta kwa ustadi ambao jicho la mtu halikuweza kuukamata, akanyamaza. Katika maisha yake yote ndipo pekee alipoiacha kazi nusu.

Mwantumu alivuta pumzi. "Mfu hasikii kelele, kaka. Chande wangu anasikia. Amepewa ngao ya mstari wa mbele."

"Ndani ya ukuta ule mna wana wa watu pia. Wanalala usingizi kwa neno langu."

"Na mimi nilale kwa neno la nani?"

Wali ukapoa baina yao.

Jeshi likashika njia ya bara, kupita mikocheni na mabonde ya mpunga. Watu walibeba mafumo, ngao za ngozi ya kifaru na podo za mishale, na nyuma yao likaburutwa kwa nyimbo gogo la mvule lenye kichwa cha chuma. Askari walimtania Ngwali njia nzima.

"Mzee, ukuta wako umeutia ndimu? Maana leo tutautafuna!"

"Tafuneni taratibu," akawajibu, "meno hayauzwi sokoni."

Wakacheka, kisha wakamwacha. Chande peke yake ndiye aliyetembea ubavuni pake, akimbebea mkeka.

Walipotokeza mbele ya Mtondoo, mzee aliinua macho. Ukuta ulisimama mweupe, umenyooka, hauna ufa. Alijikuta anafurahi, na papo hapo akaionea haya furaha ile.

Chande akamwinamia. "Mjomba, mama ameniambia. Usiseme neno, patazame tu, nami nitafuata macho yako. Hakuna atakayejua."

Macho ya Ngwali yalitaka kwenda mashariki, alikolala Mize, kama mnyama anayejua njia ya zizini. Akayashikilia chini, kwenye vidole vya miguu yake.

"Mama yako hakunielewa," akasema. "Hapako."

Chande akatabasamu na kumshika bega. "Basi ulijenga, mjomba! Hata tukishindwa, nitajivuna." Akachukua ngao yake, akaenda.

Siwa ikalia. Gogo likapigishwa langoni, likarudishwa, likapigishwa tena. Kutoka juu watu wa Mtondoo waliteremsha mishale, kisha vibuyu vya chokaa ya moto vilivyopasuka na kupofua macho. Lango lilitikisika, lakini miimo ambayo Ngwali aliisimika mwambani haikusogea. Jua lilipofika utosini, waliolisukuma gogo walikuwa chini, na Chande miongoni mwao, mshale umemwingia chini ya mtulinga wa bega. Ngwali alimfuta chokaa usoni kwa ncha ya kilemba chake. Kaburi alilichimba mwenyewe, akakataa kusaidiwa, wala hakusimama mpaka mwiko ulipolia juu ya mwamba.

Jeshi lilirudi Uchanda bila ngoma. Mwantumu aliingia ukumbini mbele ya mfalme, macho makavu.

"Alijua," akasema. "Aliniambia kwa kinywa chake kwamba pako mahali."

Ngwali hakukana. Waziri akaomba upanga, lakini mfalme, aliyepoteza watu wengi, aliinua mkono. "Kumuua ni kumpumzisha. Na aende. Asijenge hata banda la kuku katika ardhi yangu."

Mlangoni Ngwali alisita. "Mwantumu, umbu langu..."

"Nenda kwa mkeo," akasema. "Ndiye uliyemchagua." Naye akampa mgongo.

Hakuwa na pengine pa kwenda. Akairudia njia ile ile peke yake, siku hadi siku, hata akasimama chini ya lango la Mtondoo na kuinua mikono mitupu.

"Nani wewe?" akauliza mlinzi kutoka juu.

"Mwashi. Naomba kuzuru kaburi la mke wangu."

"Kwa lafudhi yako u Mchanda. Juzi ndugu zako walikuja na gogo, leo waja na makaburi? Hapaingii Mchanda hapa."

"Bwana, ukuta huu niliujenga mimi."

Mlinzi alicheka, si kwa ubaya, bali kama mtu anayemhurumia mzee aliyechoka. "Baba, aliyeujenga ukuta huu alikwisha kufa zamani. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa tangu wadogo. Hata dua huombewa msikitini."

"Jina lake nani?"

Mlinzi akafikiri. "Halikuhifadhiwa. Husemwa mwashi tu. Mungu amrehemu."

"Amina," akaitikia Ngwali.

Kisha akageuka, akashika njia ya bara. Na mji wa Mtondoo ukalala salama usiku ule, kama ulivyolala kila usiku tangu alipouzungushia mawe.